Somo: Kuunganisha Lahajedwali za Excel na Kanzidata Moja ya Ofisi

Somo hili ni la ofisi ndogo ambamo kila karani ana faili lake la Excel, na ufikapo mwisho wa mwezi hesabu za meza moja zinakataa kulingana na za meza nyingine. Nitatumia mfano wa ofisi ya SACCOS inayotunza michango ya wanachama kwa Microsoft Access, programu ya kutunza kanzidata (database), kwa kuwa ofisi nyingi zinayo programu hiyo ndani ya Office bila kuigusa. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba takwimu huingizwa na kurekebishwa ndani ya kanzidata tu, na Excel huzisoma.

Hatua ya kwanza ni folda. Itengeneze kwenye seva, au kwenye kompyuta isiyozimwa saa za kazi, kisha uwape wanaoingiza takwimu ruhusa ya kusoma, kuandika, kuunda na kufuta mafaili ndani yake. Ruhusa ya kufuta huwatia watu shaka, lakini Access inapofunguliwa huunda kando ya kanzidata faili dogo linaloishia na .laccdb, ambalo huonyesha nani yumo ndani, na mtu wa mwisho anapotoka faili hilo huondolewa.

Hatua ya pili, baada ya kuweka nakala ya akiba, ni kuigawa kanzidata kwa kutumia kichupo cha "Database Tools" na kitufe cha "Access Database". Majedwali yatabaki kwenye seva, katika folda ile, ndani ya faili ambalo jina lake huishia na _be, na kila kompyuta itakuwa na nakala yake ya fomu na ripoti.

Hatua ya tatu hufanyika ndani ya Excel. Fungua kichupo cha "Data", bonyeza "Get Data", chagua "From Database", kisha "From Microsoft Access Database". Andika njia kamili ya faili, kwa mfano \\SEVA\Michango\michango_be.accdb, wala usitumie herufi ya diski kama Z:, kwa sababu herufi hiyo inaweza kuelekeza kwenye folda nyingine kabisa katika kompyuta ya mwenzako. Usivute jedwali zima pasipo haja: andaa kwanza ndani ya Access hoja (query) inayochuja mwaka unaoutaka, uihifadhi katika faili la seva, kisha uvute hoja hiyo. Karatasi moja ya Excel ina mistari 1,048,576, lakini kompyuta huanza kulemewa mapema zaidi.

Hatua ya nne ni kuweka utaratibu wa kusasisha. Katika sifa za muunganisho, weka alama ili takwimu zisasishwe kila faili linapofunguliwa. Sioni sababu ya kusasisha kila dakika katika ofisi ya michango.

Hapa pana jambo linaloharibu kazi za wengi. Karani akishapata jedwali lililounganishwa, huongeza safu ya "Maoni" pembeni na kuandika kwa mkono "amelipa nusu" mbele ya jina la mwanachama. Siku mwanachama mpya anapoingizwa na mpangilio wa mistari kubadilika, maoni yale yanaweza kubaki mahali pake huku majina yakisogea, na deni la mtu mmoja likasomeka kuwa la jirani yake. Fomula ya kukokotoa riba kutokana na mstari uleule haina tatizo, lakini maandishi ya mkono yawekwe kwenye safu ndani ya kanzidata.

Maswali ya wanachama wanaofuatilia somo hili (si wale wa SACCOS)

Mwanachama wa Mwanza: Mwalimu, nikirekebisha kiasi ndani ya Excel, je, Access nayo itabadilika?

Jibu: Haitabadilika, na ukisasisha, rekebisho lako litafutika. Hata ukiunganisha kinyume chake, yaani karatasi ya Excel ionekane kama jedwali ndani ya Access, utaweza kuisoma tu. Zamani iliwezekana kuihariri, lakini Microsoft iliondoa uwezo huo baada ya kushindwa mwaka 2005 katika kesi ya hataza (patent, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi) iliyofunguliwa na Carlos Armando Amado. Kama una takwimu za zamani katika Excel, ziingize kwenye Access mara moja, kisha faili lile lifungiwe.

Mwanachama wa Mombasa: Kompyuta moja tu inagoma, ikidai kwamba "Microsoft.ACE.OLEDB.12.0" haijasajiliwa. Nifanyeje, ndugu?

Jibu: Mara nyingi chanzo ni tofauti kati ya biti 32 na biti 64. Fungua "File", kisha "Account", kisha "About Excel" uone toleo lako ni lipi, halafu usakinishe Access Database Engine, yaani kiunganishi kinachoiwezesha Excel kusoma mafaili ya Access, ya aina hiyohiyo.

Mwanachama wa Dodoma: Tuna tawi wilayani linaloingia kwenye mtandao wa ofisi kutoka mbali kwa VPN. Je, nao wafungue faili hilohilo?

Jibu: Nisingewaruhusu. Muunganisho ukikatika katikati ya kuandika, faili la Access linaweza kuharibika, na hata Wi-Fi dhaifu hapohapo ofisini inatosha kuleta madhara hayo. Hamishia majedwali kwenye SQL Server Express, programu ya kanzidata ya Microsoft ambayo ni ya bure na ambayo toleo lake la 2022 linaruhusu GB 10 kwa kanzidata, wakati Access huishia GB 2. Fomu zenu za Access zinaweza kuendelea kutumika baada ya kuunganishwa na majedwali mapya, na kwa upande wa Excel mtabadilisha chanzo cha muunganisho peke yake.