Somo: Kuanza kazi ya video Nairobi kwa bajeti ndogo (sauti kwanza, kamera baadaye)

Wanachama, hamjambo. Wengi mmeniomba niandike jinsi ya kuanza kazi ya video bila kuchukua mkopo. Nitafuata mpangilio ninaowapa vijana wanaokuja kujifunza kwangu, na mpangilio huo unaanza na maiki.

Sababu ni hii. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Canon 2000D, mpya ndani ya boksi. Nilimwambia muuzaji kwamba nakwenda kurekodi sherehe na nitachomeka maiki, akaniambia hakuna shida. Jumamosi yake niko kwenye ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), nafungua kile kifuniko cha mpira ubavuni, naona tundu la USB na la HDMI. La maiki halipo. 2000D haina, na 4000D pia haina. Mzee aliyetoa baraka siku hiyo aliongea karibu robo saa, jenereta ikinguruma nyuma ya hema. Kwenye video unaona mdomo unacheza, mkono unainuka, watu wanaitikia, lakini maneno yake huyasikii. Mzee ameshafariki. Familia ilinipigia kuomba ile sauti na sikuwa nayo.

Hatua ya kwanza: sauti

Nunua maiki ya kubana kwenye kola. Boya BY-M1 imetusaidia wengi: waya wake una mita 6, na ina swichi yenye upande wa simu na upande wa kamera. Upande wa kamera hutumia kibetri cha LR44. Ukisahau swichi huko usiku kucha, asubuhi kibetri kimekwisha, kwa hiyo tembea na viwili vya akiba. Kama simu yako haina tundu la duara la hedifoni, utahitaji adapta ya USB-C.

Ibane shubiri moja chini ya kidevu. Mama akiwa amevaa shanga, bana mahali ambapo shanga haziifikii, maana kila akigeuka zitagonga na huwezi kuzifuta baadaye. Kwenye kamera, ondoa ule mpangilio wa sauti kujirekebisha yenyewe. Ukiuacha, mzungumzaji akinyamaza kidogo kamera inapandisha sauti, na jenereta inajaa masikioni. Weka kwa mkono, mpaka mita ya sauti iguse karibu na desibeli -12 anapoongea kwa nguvu. Halafu vaa hedifoni usikilize, kwa sababu mita haikuonyeshi kama waya unasugua nguo.

Fleti nyingi za huku zina vigae na kuta tupu, na ukirekodi ndani unasikika kama uko kwenye tangi la maji. Tandaza blanketi sakafuni, fungua mlango wa kabati lililojaa nguo, zima friji. Funguo za nyumba ziweke ndani ya hiyo friji, hutaondoka ukasahau kuiwasha. Mvua ikianza kupiga mabati, subiri ipite.

Hatua ya pili: mwanga, na namba 50

Hapa ndipo wanaoanza wanaumia bila kujua kinachowaumiza. Stima ya Kenya ni ya hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu na kamera nyingi huja zimepangwa fremu (picha) 30 kwa sekunde, mpangilio wa Marekani ambako stima ni hezi 60. Rekodi hivyo chini ya taa za mirija za kanisani au taa za LED za bei rahisi, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ikiwa 1/60 ya sekunde, na utaona mistari ya giza ikitambaa juu ya nyuso za watu. Ikishaingia kwenye picha, kuiondoa ni kazi ngumu mno.

Dawa ni ya bure. Ingia kwenye menyu ya kamera, badilisha NTSC (mpangilio wa Marekani) iwe PAL (wa nchi za hezi 50), chagua fremu 25, weka shata 1/50. Kwenye iPhone, fungua mipangilio ya kamera, sehemu ya kurekodi video, uwashe miundo ya PAL ndipo fremu 25 itokee. Kwa Android, jaribu programu ya bure ya Open Camera. Baadhi ya simu hazitaikubali 25, lakini ukiweza kufunga shata kwenye 1/50 au 1/100, mistari itatulia.

Kwa mwanga wenyewe, tumia dirisha. Mkalishe mtu ubavu ukielekea dirishani, na upande wenye giza simamisha karatasi nyeupe ya manila irudishe mwanga. Nje, epuka saa sita mchana: sisi tuko karibu na ikweta, jua linakaa utosini na macho yanakuwa mashimo meusi. Kuanzia saa kumi na moja jioni mwanga unakuwa laini, lakini uwe tayari, maana jua letu linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na giza halichelewi.

Hatua ya tatu: kamera

Kama simu yako inarekodi 1080p (HD kamili) vizuri, baki nayo kwa miezi michache, nunua maiki na tripodi. Ukifika wakati wa kamera, mimi natafuta Canon iliyotumika yenye tundu la maiki na skrini inayogeuka: 700D ya mwaka 2013, au 200D ya 2017 mfuko ukiruhusu. 200D ina fokasi ya Dual Pixel inayomfuata mtu akitembea bila kuhangaika. 700D inasitasita, utajifunza kugeuza pete kwa mkono. 250D ina 4K (video yenye nukta mara nne ya 1080p), ila ukiwasha hiyo 4K picha inakatwa pembeni na ile fokasi nzuri haifanyi kazi. Kwa hiyo usilipie 4K hapo.

Lenzi ya 50mm f/1.8 inasifiwa kila mahali, na ni nzuri kweli kwa uso wa bibi harusi. Kwenye kamera hizi zenye sensa ndogo, hata hivyo, inaona kama lenzi ya 80mm. Sebule ya fleti za mitaa kama Pipeline au Zimmerman haina nafasi ya kurudi nyuma kiasi hicho. Ndani ya nyumba 24mm f/2.8 itakufaa zaidi.

Hatua ya nne: programu ya kuhariri

DaVinci Resolve ya bure haiweki alama yake kwenye video yako, inatoa video mpaka 4K, na kwa kurekebisha rangi sijaona ya bure inayoishinda. Toleo la kulipia, Studio, ni dola 295 mara moja, si kila mwezi. Lakini inataka kompyuta yenye nguvu: RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya maana. Kama laptopu yako ni zile za mtumba kutoka Uingereza zenye GB 8, anza na Shotcut au Kdenlive. Zote ni za bure kabisa. Tafadhali msipakue Premiere (programu ya kulipia ya Adobe) iliyovunjwa kufuli. Kirusi kimoja kinaweza kuondoka na kazi za wateja wako wote.

Kabla ya kuingiza klipu yoyote, pangia mradi fremu 25. Hariri sauti kwanza, picha baadaye. Ukitoa video ya YouTube ya 1080p, megabiti 8 kwa sekunde zinatosha. Hiyo ni karibu MB 60 kwa dakika, kwa hiyo video ya dakika kumi ni MB 600. Piga hesabu ya bando kabla hujabonyeza. Na washa kuhifadhi kwenyewe, stima haipigi hodi ikiondoka.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kayole: Mwalimu, nina ThinkPad ya i5, RAM GB 8. Nikiweka klipu za 4K za simu, Shotcut inagandaganda. Nibadilishe laptopu?*

Hapana kaka, bado. Washa proksi kwenye mipangilio ya Shotcut. Itatengeneza nakala ndogo za klipu zako, uhariri kwa hizo, na wakati wa kutoa itarudi kwenye zile za asili. Ukipata hela kidogo, ongeza RAM na uweke SSD. Na jiulize kama mteja ameomba 4K. Wangu wengi wanatazama kwa simu.

*Dada wa Umoja: Nataka kununua kamera iliyotumika huku barabara ya Luthuli, mjini. Nikague nini?*

Nenda na memori kadi yako, maiki yako na tochi ya simu. Chomeka maiki urekodi dakika moja na usikilize hapo hapo. Usikubali kuambiwa tu kwamba inafanya kazi. Toa lenzi, mulika tochi kupitia kioo chake: ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Piga picha ya anga tupu kwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo), madoa yatakayoonekana ni vumbi la sensa. Vumbi husafishwa, mikwaruzo haiondoki. Geuza skrini mara nyingi, uone kama inazimika ikifika pembe fulani. Risiti iandikwe namba ya kamera, na uilinganishe na ile iliyo chini ya kamera kabla hujatuma pesa.

*Ndugu anayerekodi ibada: Natumia simu. Mahubiri yakianza sauti na mdomo viko pamoja, ikifika dakika ya ishirini mdomo umeachwa nyuma.*

Nadhani sauti unaichukua kwa kifaa kingine, na simu yako inabadilisha idadi ya fremu yenyewe. Leo fremu 30, kukiwa na giza 24, na mhariri anachanganyikiwa. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video, uchague fremu zisizobadilika. Shotcut nayo ikiona faili la namna hiyo hukuuliza kama ikubadilishie, jibu ndiyo. Na ukihamia 700D, kumbuka inajizima ikifika dakika 29 na sekunde 59. Mchungaji akivuta pumzi kati ya pointi, simamisha na uanze tena.

*Mwanachama wa Githurai: Kadi yangu ya GB 128 inapoteza klipu za mwisho kila nikirekodi siku nzima.*

Inawezekana ni feki: imeandikwa 128 lakini ndani ni ndogo zaidi, na ikijaa haihifadhi tena ipasavyo. Hamisha kwanza kila kilichomo. Halafu ijaribu na programu ya H2testw kwenye Windows. Itaijaza yote kisha isome tena ikuambie ukubwa wake wa kweli. Itachukua muda mrefu, iache usiku. Ikifeli, usiirekodie tena hata mara moja. Kadi nyingine ikiwa na alama ya kasi ya V30 inatosha kwa kamera zote nilizotaja, na mpya yoyote ijaribu kabla ya kwenda nayo kwenye sherehe ya mtu.