Saratani ya koo: ulizeni kipimo cha p16

Kama mzee wenu kaambiwa ana saratani ya mafindofindo au shina la ulimi, kabla hajaanza mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, muulizeni daktari kile kinyama kilichokatwa kimepimwa p16 (aina ya protini)? Ndo inaonyesha kama kirusi cha HPV, kile kinachoambukizwa kwa ngono, kinahusika, na mara nyingi hakatwi tena, sampuli ileile inatosha.

Kwa nini msumbuke, utafiti wa Marekani wa 2010 ulikuta baada ya miaka 3 wenye HPV asilimia 82 walikuwa hai, wasio nayo 57, tofauti kubwa jamani. Ila sigara aache kabisa, inakula hiyo nafuu. Na msianze kumhoji alilala na nani, kirusi kinaweza kuwa cha miaka mingi huko nyuma.