Jinsi ya Kuomba Kupimwa Afya kwa Mfanyakazi Anayevuta Moshi au Vumbi Lenye Hatari ya Saratani ya Mapafu

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ahakikishe wafanyakazi wake wanapimwa afya wanapoanza kazi na tena wakiwa kazini. Kwa hiyo mfanyakazi wa Dar es Salaam anayeomba kupimwa haombi hisani.

Kabla ya kuandika barua, andaa historia ya kazi yako, maana hapa ndipo maombi mengi hulegea. Kusema tu "ninafanya kazi karakana" hakumsaidii daktari. Kwa mfano, fundi wa kuchomelea wa eneo la Gerezani jijini aeleze kwamba tangu mwaka 2014 anachomelea stenlesi saa sita kwa siku, ndani ya banda lisilo na feni ya kuvuta moshi, akijifunika pua kwa kitambaa. Moshi huo, sawa na asbesto, vumbi la silika na moshi wa dizeli, umewekwa na wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Kama unavuta sigara, itaje, kwa sababu nayo huumiza seli na ukiificha majibu yatatafsiriwa vibaya.

Barua iende kwa mwajiri, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Asipojibu, ipeleke nakala hiyo OSHA, yaani wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, pamoja na historia ya kazi.

Daktari kwa kawaida huanza na kipimo cha nguvu ya pumzi na eksirei ya kifua. Kipimo cha madhara ya seli hufanyika zaidi katika utafiti, hivyo kiombe kwa kukitaja na usome fomu ya ridhaa kabla ya kutia saini. Chenyewe hakiumi: unasukutua kwa maji, unakwanguliwa taratibu ndani ya shavu kwa kijiti, kisha maabara huhesabu viini vidogo vilivyojitenga na kiini kikuu cha seli. Viini vingi havimaanishi kwamba una saratani. Vinaonyesha kuwa vinasaba vinajeruhiwa, na ushahidi huwa mzito zaidi wafanyakazi wa karakana nzima wakipimwa pamoja, ndiyo maana ni heri kuomba kwa kikundi.

Ugonjwa ukithibitika kuwa umetokana na kazi, mjulishe mwajiri kwa maandishi na ufungue madai Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya miezi 12, ukiambatisha majibu ya vipimo na ile nakala yenye muhuri.