Vita ya mbali, mbolea ya Mbozi: piga hesabu kabla ya mvua

Mbolea ya urea hutengenezwa kwa gesi asilia. Vita ikigusa nchi zenye gesi, au njia za meli zikivurugika, mfuko wa Mbozi au Mufindi nao hupanda, kama ilivyokuwa mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine.

Usisubiri Novemba. Ukishauza mahindi, tenga hela ya mbolea kwanza, kisha hakiki usajili wako wa ruzuku ya mbolea kijijini. Taarifa zikibadilika bila kuhuishwa, mtu hukwama dukani foleni imejaa.

Bei ya mfuko peke yake inadanganya. Linganisha bei ya kilo moja ya naitrojeni, kirutubisho kilichomo ndani yake. Urea ina asilimia 46, hivyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. SA (salfeti ya amonia) ina asilimia 21, yaani kilo 10.5. Gawanya bei kwa kilo hizo. Mfuko wa urea ukiwa shilingi 75,000, kilo ya naitrojeni ni kama 3,260. SA ya 45,000 inafika karibu 4,290. (Bei hizi ni za mfano, SA ina salfa pia, usiidharau.) Urea ukiimwaga juu ya udongo bila kuifukia, sehemu yake hupotea hewani. Ifukie sentimita 5 hivi.

Kuhusu nauli ya kusafirisha mbolea, EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Soma dizeli ya wilaya yako, si ya Dar es Salaam, kabla hujakubaliana na mwenye lori.