Kabla ya kuwadai wakwe pesa za nyumba

Ndoa ikivunjika wanaotengana ni wawili, lakini nyumba hubaki na watu wanne watano, kila mmoja na hesabu yake kichwani. Baba mkwe anakumbuka kiwanja alichotoa. Wewe unakumbuka paa. Shemeji anakumbuka kwamba mlikaa humo miaka mitatu bila kulipa kodi, neno ambalo hakulitamka hata mara moja mlipokuwa mnaelewana. Kabla hujampigia mtu simu, kaa na makaratasi.

Kwangu kubwa kuliko yote ni kuipa kila pesa jina lake. Ilikuwa mkopo, zawadi, kodi, mchango wa ujenzi, au matumizi ya nyumbani? Umeme na maji uliyolipia mkiishi pamoja, sahau. Ulivitumia na wewe. Mkopo hudaiwa, zawadi haidaiwi, na mchango wa ujenzi uko katikati, ndiyo maana hugombanisha. Mara nyingi kinachoamua ni maneno yaliyosemwa siku pesa ilipotoka, si uchungu ulio nao leo. Ujumbe wa "Mama, nimetuma ile ya paa, mkishauza gari mtanirudishia" unaweza kuwazidi nguvu mashahidi watatu wa ukoo. Ule wa "Mama, nimetuma ile ya paa, Mungu awazidishie" utakusumbua, maana unasomeka kama zawadi.

Kwa hiyo pekua simu kabla hujafuta mazungumzo kwa hasira. Hifadhi ujumbe pamoja na tarehe na namba ya aliyetuma. Omba benki taarifa ya akaunti ya kipindi chote cha ujenzi. Zile risiti nyembamba za mashine hufifia. Ukiziacha kwenye pochi au juani, baada ya muda utabaki na vikaratasi vyeupe. Zipige picha leo.

Kisha tazama hati ya ardhi ina jina la nani. Kanuni iliyoanzia sheria ya Kirumi, na ambayo nchi nyingi bado zinaifuata, ni kwamba kilichojengwa hufuata ardhi. Ukijenga kwenye kiwanja cha wakwe usitarajie kupewa vyumba. Unachoweza kupata ni fidia ya ulichoweka, na hata hiyo itategemea kama walikuruhusu kujenga na walikuahidi nini. Kuna jambo jingine linalowashtua wengi: shauri la talaka ni la mke na mume. Kwa kawaida wakwe wasipounganishwa kwenye shauri, amri ya kugawana mali inaweza kuwapita kando wakiwa wamekaa kwenye nyumba yao. Muulize wakili hilo mapema. Muulize pia kuhusu ukomo wa muda, kwa sababu madai ya mkataba hayaishi milele. Uingereza na Kenya, kwa mfano, kwa kawaida ni miaka 6.

Kama uliweka sahihi kwenye mkopo wa benki, kuhama hakukutoi kwenye deni. Benki haina habari na kutengana kwenu.

Kikao cha familia kinafaa kujaribiwa, isipokuwa pale palipo na vitisho au kipigo. Hapo usalama wako kwanza, nyumba baadaye. Nenda na karatasi moja yenye tarehe, kiasi na ushahidi wa kila pesa, na msimamizi asiye wa upande wowote. Usiende na orodha ya makosa ya mwenzako (utaikumbuka tu, huna haja ya kuiandika). Watoto wasitumwe kupeleka maneno. Mkikubaliana ulipwe kidogo kidogo, iandikwe kiasi, tarehe za malipo na sahihi za wote, na kila awamu ikilipwa muandikiane kilichobaki.

Siku ya kuhama piga picha vyumba, vyombo unavyoviacha na namba za mita, ukiwa na mtu wa kushuhudia. Usibadilishe kitasa wala kukata umeme hata kama uliuvuta wewe.

Na ile kodi ya shemeji? Ipigie hesabu mwenyewe kabla hajaitaja: miezi mliyokaa, mliyokubaliana kama yapo, na matengenezo uliyofanya humo. Ukiitoa kwenye dai lako ukaona kilichobaki hakifiki hata ada ya wakili, utakuwa umejua ungali nyumbani.