Somo: Kuhuisha alama ya biashara Uganda kabla muda haujakwisha

Alama ya biashara, yaani jina au nembo ya bidhaa zako, iliyosajiliwa URSB (ofisi ya serikali ya usajili Uganda) haidumu yenyewe. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7. Ukihuisha unapata miaka 10, kisha 10 tena, na hakuna kikomo mradi unalipa kwa wakati. Wenye viwanda vya unga Kisenyi na maduka ya jumla Kikuubo, hapa Kampala, hawasahau leseni wala kodi ya pango, kwa sababu zinadaiwa mara kwa mara. Hati ya alama haina wa kuja kuidai mlangoni, kwa hiyo hukaa kabatini mpaka muda unapita.

Hatua ya 1: Pata tarehe sahihi

Toa hati uisome. Achana na tarehe iliyo karibu na sahihi ya Msajili, ofisa wa URSB anayesimamia daftari la alama. Tafuta tarehe ya kuwasilisha ombi. Kisheria alama huhesabiwa kuwa imesajiliwa tangu siku hiyo. Kati ya ombi na hati hupita miezi: ombi hukaguliwa, hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, halafu watu hupewa siku 60 za kuweka pingamizi. Chukua ombi lililopelekwa 14 Machi 2019, hati ikatoka Novemba mwaka uleule. Mwenye kuhesabu kutoka Novemba atajiona yuko salama hadi Novemba 2026, kumbe miaka 7 imekwisha Machi. Kosa hili ndilo linalowaumiza wengi kuliko mengine yote.

Hatua ya 2: Kila usajili na mstari wake

Jina moja laweza kuwa na sajili kadhaa. Bidhaa na huduma hugawanywa katika makundi yaitwayo klasi: sabuni iko klasi ya 3, unga na kahawa klasi ya 30, maji na juisi klasi ya 32, mgahawa klasi ya 43. Kila usajili una namba yake, tarehe yake na ada yake. Kuhuisha unga hakugusi juisi. Kwenye daftari au simu andika namba, klasi, tarehe ya ombi na tarehe ya mwisho, kisha weka kikumbusho cha miezi 6 kabla na kingine cha miezi 3. Weka vikumbusho hivyo pia kwenye simu ya mtu mwingine ofisini, maana mhasibu akiacha kazi huondoka na kumbukumbu zake.

Hatua ya 3: Linganisha daftari la Msajili na hali ya leo

Usiipite hatua hii haraka. Omba upekuzi wa alama yako, kisha soma jina la mwenye alama neno kwa neno. Wengi walisajili kwa jina la mtu binafsi, baadaye biashara ikawa kampuni. Alama haihamii kwenye kampuni kwa sababu tu mwenye hisa ni yuleyule. Lazima kuwe na hati ya kuihamisha, na uhamisho uandikishwe. Kama jina la kampuni limebadilika, hilo nalo liandikishwe.

Kisha tazama anwani. Notisi ya Msajili kwamba muda unakaribia huenda kwenye anwani iliyomo daftarini. Kama ni ya wakili mliyeachana naye zamani, au sanduku la posta mlilolifunga, hamtaiona. Rekebisheni anwani mapema, kwa ombi lake na ada yake, msingoje siku ya kuhuisha.

Hatua ya 4: Lipa, ufuatilie

Jaza ombi la kuhuisha, pata namba ya malipo ile ya PRN, hakikisha inataja namba ya alama yako, kisha lipa benki au kwa simu. Risiti inathibitisha kwamba umelipa, basi. Kinachohuisha alama ni daftari la Msajili kubadilika. Fuatilia mpaka upate cheti cha kuhuishwa chenye tarehe mpya ya mwisho.

Muda ukipita

Msajili anaweza kuiondoa alama. Anaweza pia kuirudisha kwa ombi na ada ya ziada, akiridhika ni haki kufanya hivyo. Kwa mwaka mmoja baada ya kuondolewa, alama bado huhesabiwa kama iliyopo mtu mwingine anapoomba inayofanana nayo. Lakini kinga hiyo huanguka ikionekana haikutumika kwa dhati miaka 2 kabla ya kuondolewa. Ukishapoteza usajili huwezi kushtaki kwa kuingiliwa alama. Unabaki na kesi ya mtu kuuza bidhaa zake kama zako, na hapo unabeba mzigo wa kuthibitisha sifa yako sokoni.

Maswali ya wanachama

Mbale: Mwalimu, tumebadilisha mfuko wa unga. Ng'ombe ametoka, maandishi yamekuwa mekundu. Nihuishe kwa sura mpya?

Jibu: Hapana, ndugu. Unahuisha kilichomo daftarini. Badiliko dogo lisilogusa utambulisho wa alama huombewa ruhusa kando. Kumwondoa ng'ombe si dogo: peleka ombi jipya, na usajili wa zamani uuhuishe hadi alama mpya isajiliwe.

Jinja: Kampuni yetu imewasilisha ritani za mwaka URSB. Hazitoshi?

Jibu: Hazitoshi, dada. Ofisi ni moja lakini madaftari ni tofauti: la kampuni na la alama.

Busia: Sabuni yangu inavuka hadi Kisumu na Mwanza. Nikihuisha Kampala, huko nimelindwa?

Jibu: La. Kenya unasajili KIPI, ofisi yao ya alama, miaka 10 tangu mwanzo. Tanzania Bara ofisi ni BRELA, 7 kisha 10 kama hapa. Tarehe zitapishana, kwa hiyo ongeza safu ya nchi kwenye orodha yako.

Arua: Mzee alisajili jina la juisi, hatujaiuza miaka 4. Tulipe tu?

Jibu: Kulipa kunaiweka daftarini, lakini hakuizuii kupingwa. Mtu anaweza kuomba ifutwe ikiwa haijatumika miaka 3 mfululizo. Mkiwa na nia ya kuiuza, anzeni sasa, na mtunze ankara zenye tarehe pamoja na lebo zilizotumika. Na kama mzee ametangulia mbele ya haki, andikisheni kwanza mrithi kama mwenye alama.