Jinsi ya kutibu saratani ya ini wakati mgonjwa anasubiri kupandikizwa ini jipya

Mgonjwa wa saratani ya ini aliyekwisha kuingizwa kwenye orodha ya kupandikizwa anakabiliwa na hatari ambayo wenzake wengi wa orodha hiyo hawana: uvimbe unaweza kukua akiwa bado anasubiri, ukavuka kiwango kinachokubalika, naye akaondolewa kwenye orodha. Ndiyo maana madaktari hawamwachi akae tu. Lengo la matibabu ya kipindi hiki, ambalo naomba mgonjwa na wanaomuuguza walishike barabara kabla ya jambo lingine lolote, ni kumfikisha kwenye upasuaji akiwa bado anafaa kupandikizwa.

Anza kwa kuifahamu mipaka yako. Vituo vingi hutumia vigezo vya Milan, vilivyotolewa mwaka 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au vimbe zisizozidi tatu ambazo kila moja haizidi sentimita 3, na saratani isiwe imeingia kwenye mishipa mikubwa ya damu wala kutoka nje ya ini. Vituo vingine vimepanua mipaka hiyo, kwa hiyo muulize daktari ni ipi inayokuhusu. Muulize pia kiwango chako cha alfa-fetoproteini, protini inayopimwa kwenye damu, kwa kuwa ikipanda sana huashiria saratani kali. Nchini Marekani, kwa mfano, mgonjwa aliyevuka nanogramu 1,000 kwa mililita hapewi alama za ziada za kumsogeza mbele kwenye orodha mpaka atibiwe na kiwango kishuke chini ya 500. Yaandike yote haya kwenye daftari moja, kila kipimo na tarehe yake.

Si kila mgonjwa anahitaji matibabu haya. Kwa kawaida hupendekezwa pale ambapo kusubiri kunatarajiwa kuzidi miezi 6. Mwenye ndugu aliyekwisha kupimwa na yuko tayari kumchangia kipande cha ini anaweza kwenda moja kwa moja kwenye upasuaji. Tena saratani hii mara nyingi huota kwenye ini lililokwisha kuharibiwa na makovu, yaani sirosisi, na kila tiba inayoua uvimbe hugusa pia sehemu ya ini isiyo na saratani iliyo jirani. Mgonjwa mwenye manjano ya macho na ngozi yanayozidi, au maji tumboni yasiyodhibitika, anaweza kuumizwa na tiba kuliko na uvimbe wenyewe. Daktari akisema tusubiri kwanza, usidhani amekata tamaa.

Uvimbe usiozidi sentimita 3 mara nyingi huunguzwa. Sindano ndefu hupitishwa kwenye ngozi ikiongozwa na picha za ultrasaundi au CT, na ncha yake ikifika ndani ya uvimbe hupashwa moto kwa mawimbi ya redio au ya maikrowevu. Njia hii haifai kila mahali, kwani uvimbe ulio karibu na utumbo au mirija mikubwa ya nyongo ni hatari kuunguza.

Uvimbe mkubwa zaidi, au vimbe kadhaa, hutibiwa mara nyingi kwa kuziba ateri, yaani mshipa unaoupelekea damu. Ini hupata sehemu kubwa ya damu yake kupitia vena kuu inayotoka kwenye utumbo, lakini saratani hunyonya hasa kutoka kwenye ateri ya ini. Daktari hutumia tofauti hiyo. Huingiza mrija mwembamba kwenye ateri ya kinena au ya mkono, akausogeza hadi kwenye tawi linalolisha uvimbe, akamwaga dawa ya saratani kama doksorubisini, kisha akaziba njia kwa chembechembe ndogo, ili uvimbe ukose damu huku dawa ikibaki humo. Mgonjwa huwa macho, amepigwa ganzi mahali pa mrija na kupewa dawa ya kumtuliza. Mrija ukipitia kinena, atalala chali kwa saa kadhaa baadaye bila kukunja mguu.

Siku zinazofuata huwatia watu hofu bila sababu. Homa, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, kichefuchefu na uchovu ni mambo ya kawaida kwa siku chache. Paracetamol inaruhusiwa, lakini mwenye sirosisi kwa kawaida asizidishe gramu 2 kwa siku. Ibuprofen na diclofenac aziepuke kabisa. Arudi hospitali bila kungoja akitapika damu, akipata choo cheusi, akichanganyikiwa, akianza kutetemeka kwa homa kali, au tumbo na manjano yakiongezeka.

Kuna pia mionzi. Vishanga vidogo vya itriamu-90 huweza kupelekwa ndani ya uvimbe kupitia ateri hiyo hiyo, au mionzi ya nje ikalengwa kwa usahihi kwa vipindi vichache. Dawa za kuamsha kinga ya mwili ili ipambane na saratani zinahitaji tahadhari ya pekee: kinga iliyoamshwa inaweza kulikataa ini jipya, kwa hiyo timu ya upandikizaji lazima ijue dozi ya mwisho ilitolewa lini.

Takriban mwezi mmoja baada ya tiba hupigwa picha ya CT au MRI, kisha kila miezi 3. Usiangalie ukubwa peke yake. Uvimbe uliokufa unaweza kubaki na sentimita zile zile. Swali la kumuuliza daktari ni kama bado kuna sehemu inayong'aa kwa dawa ya picha inayochomwa kwenye mshipa, maana hiyo ndiyo iliyo hai. Na hata uvimbe ukivuka mipaka, muulize kama unaweza kutibiwa ukarudi ndani yake, kwa sababu vituo vingi huwakubali tena wagonjwa wa namna hiyo baada ya kuwaangalia kwa miezi kadhaa.

Wakati wote huo endelea na dawa za homa ya ini ya B kama unazitumia, usiguse pombe, usinywe mitishamba ambayo daktari haijui, na kula protini ya kutosha ili misuli isinyauke. Simu ya kituo iwe wazi usiku na mchana. Ikiita, usile wala kunywa kabla ya kupewa maelekezo, na useme mara moja kama una homa, au kama umetibiwa uvimbe siku za karibuni.